Diski yenye Picha za Mama

Nyumbani, ghorofani juu ya duka la viatu,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa. Natumaini hujambo, baridi ya huko imepungua na kile kikohozi kimekuachia. Kazi inaendaje? Na mgongo je? Mimi sijambo kiasi. Miguu inavimba jioni lakini natembea. Shemeji yako ni mzima na bado anabishana na redio.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu Kaka siku hizi anasikia kila kitu humu ndani. Hata nikinong'ona jikoni, ananiuliza naongea na nani. Na haya sitaki ayasikie.

Hali ya macho yake si nzuri hata kidogo. Ile presha ya macho imemaliza jicho la kushoto, na la kulia limebaki na nafasi ndogo tu katikati. Daktari alitwambia waziwazi kwamba hata hiyo itaziba, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kaka hakulia. Tulipotoka pale aliniambia anataka kitu kimoja tu, aione sura ya Mama kabla hajashindwa kuona kabisa.

Unajua Mama alivyokuwa. Kamzaa mpiga picha, lakini akiiona kamera anajifunika uso na mtandio. Ni siku ile moja tu alikubali, amekaa mlangoni mwa jikoni anashona kifungo, Kaka akampiga picha mpaka akafukuzwa. Zote akaziweka kwenye ile diski yake nyeusi ya studio. Kila tukimwomba azisafishe, anasema za wateja kwanza. Za wateja hazikuisha. Ndiyo maana siku ya mazishi tuliweka ile ya kitambulisho iliyokuzwa, ukungu mtupu, na mpaka leo roho inaniuma.

Basi tukaitoa diski kabatini. Kompyuta ya studio ilishakufa, ikabidi tutumie laptop uliyotutumia. Usinielewe vibaya, ni nzuri na tunashukuru, ila huko kwenu mmekuwa wachoyo wa matundu. Ina vitundu viwili ubavuni, vidogo mno. Waya wa diski una vichwa viwili vipana vya kizamani, haviingii hata kwa dawa.

Shemeji yako akanunua kiunganishi. Kina nafasi ya kichwa kimoja, naye akaamua kile kingine ni cha akiba, akakifunga na utepe kisitusumbue. Taa ya diski ikawaka, tukashangilia. Kisha ikaanza kugonga ndani, tik, tik, kama kuku anayedonoa sufuria tupu, na kwenye laptop hakikutokea kitu. Akachomoa, akachomeka, kutwa nzima, na kesho yake tena. Kaka alikuwa amekaa pembeni, kavaa shati safi kama anayesubiri mgeni.

Fundi wa kompyuta wa hapa jirani, yule tunayemwita Polepole, alipouona ule utepe alishika kichwa. Alitueleza kwamba kichwa cha pili kazi yake ni kuongeza umeme. Diski zile za zamani zinakula umeme mwingi, na kile kiunganishi hakiwezi kuzishibisha. Ile tik tik ilikuwa diski inajaribu kuamka na kushindwa, na kila tulipoilazimisha tulikuwa tunaiumiza. Akasema tusiiguse mpaka apate kisanduku cha matundu kinachochomekwa ukutani. Shemeji yako sikumsema, ila nilimnunia.

Kisanduku kikachelewa. Cha kwanza kilikuja bila waya wake wa umeme, kikarudishwa. Huku nyuma Kaka akaanza kumimina chai nje ya kikombe. Kisha akawa anapapasa ukuta kwenda chooni. Nilikata tamaa, mdogo wangu, nilikata tamaa hasa. Namwomba Mungu, namkasirikia, halafu namwomba tena.

Alhamisi kisanduku kikafika. Vichwa vyote viwili vikachomekwa, diski ikanguruma bila kugonga, na picha zikafunguka. Mama yule pale, sindano mkononi, uzi mdomoni, anatukaripia kwa macho. Nililia, fundi akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Nikamketisha Kaka mbele ya ile ya mlangoni, nikamsindikiza fundi hadi chini.

Niliporudi, Kaka alikuwa ameinama, pua karibu iguse kioo, mikono magotini.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Ona mwanga ulivyomkaa shavuni."

Nikasogea nyuma ya bega lake. Kioo kilikuwa cheusi. Laptop ilikuwa imejizima kutunza chaji, na sijui ilizimika lini. Nikamjibu kwamba ndiyo, umemkaa vizuri. Akaniomba nisiifunge kwanza, bado hajatosheka, nami nikasimama pale pale mpaka aliposema basi.

Sijui kama alijua. Sina nguvu za kumuuliza. Utakapopiga simu atakusimulia alivyomwona Mama, na najua atakusimulia kwa furaha. Nakusihi, mkubalie. Nimekuwekea nakala ya picha ndani ya bahasha hii.

Shangazi anakusalimu na anauliza utakuja lini. Mama Mdogo naye anakusalimu sana. Nisalimie wanao, hasa yule mtundu wa mwisho, na mama mkwe wako. Mungu akulinde huko uliko, akupe riziki, na akuachie macho yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.