Alhamisi Mwalimu Anaanza Sura ya Tatu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali unijibu kabla ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku ya sura ya tatu.

Nasoma shahada ya uzamili ya Kiingereza, upande wa fasihi, na tasnifu yangu inahusu mashangazi katika riwaya, wale wanaoingia kila ukurasa bila kubisha hodi, na mwezi uliopita nilipokamilisha rasimu nilimpelekea nakala shangazi yangu mwenyewe, fundi cherehani aliyenilea tangu nina miaka sita, nikijua hasomi Kiingereza na kwamba ataiweka juu ya kabati la vitambaa awaonyeshe wateja jalada tu, na kweli aliiweka, kwa siku mbili. Siku ya tatu akamwita jirani yake, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na tangu hapo redio ya dukani ikimaliza kipindi chako mwalimu anavaa miwani, anasoma aya moja moja, anazifafanua kwa Kiswahili, na wateja waliokuja kupunguza suruali hawaondoki.

Juzi nilikuwepo.

"Hapa binti anasema shangazi wa riwaya hana maisha yake," mwalimu alisema. "Kazi yake ni kuvuruga ya wenzake."

"Huyo namjua," shangazi akasema, pini mdomoni. "Ni dada yangu mkubwa mtupu. Endelea, mwalimu."

Mteja mmoja, gauni limemwingia nusu, akauliza, "Kwani wewe hujatajwa?"

"Nitatajwa mbele huko. Mimi si mtu wa kutajwa mwanzo mwanzo."

Mshauri, ametajwa. Riwaya zilinipa mashangazi wanne tu nami nilihitaji wa tano, kwa hiyo katika sura ya tatu niliandika kuhusu "fundi mmoja" anayewashonea mabibi harusi na kuwachagulia hata wachumba, anayeongea kwa sauti kubwa ili asisikie nyumba yake ilivyo tupu, na nikaandika kwamba siku moja, nikiwa mtoto, nilimkuta analia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, amejishikizia kifuani gauni la bibi harusi wa watu. Msimamizi wangu aliandika pembeni, "Hapa ndipo tasnifu inapoanza kupumua," nami nikafurahi wiki nzima, na sasa nahesabu kurasa zilizobaki kabla mwalimu hajaifikia. Nguo nitakayovaa siku ya kuitetea tasnifu hiyo anaishona yeye. Je, niibe nakala, au nimwombe mwalimu aruke kurasa, au niseme fundi huyo ni wa kubuni?

Mpwa wa Fundi

Mpwa,

Pole. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Wa kubuni? Kwani una mashangazi mafundi wangapi? Ulimpa mtu kitabu ukitegemea kwamba hataweza kukisoma, ukaiita zawadi. Sasa umekuja kwangu, kwenye kipindi anachokisikiliza yeye. Unajiona? Kiingereza kimseme, mwalimu afafanue, mimi nimalizie. Kila mtu azungumze na shangazi yako isipokuwa wewe.

Nakala usiibe. Mwalimu usimguse, mzee wa watu amepata darasa tena. Kesho asubuhi kabla ya wateja nenda dukani, rudisha mlango, umsomee sura ya tatu wewe mwenyewe, kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Ile itakayokushinda kuitamka mbele yake, ikate. Kwenye wachumba atabisha. Mwache abishe, na uandike anachosema, maana mashangazi wako wote watano wanasemwa tu, hakuna hata mmoja anayejibu.

Pazia ni lake. Akisema litoke, linatoka, hata kama msimamizi wako ataacha kupumua. Na ole wako umwambie "ni mambo ya kitaaluma tu." Atakuchoma pini, nami nitakuwa upande wake.

Barua yako sijaisoma hewani, ndiyo maana nakujibu kwa barua pepe. Alhamisi nitaisoma, na pazia nitaliruka. Una siku mbili. Nataka redio ikifunguliwa pale dukani, wateja wakianza kutazamana, shangazi awe ameshajua yote, na kicheko chake ndicho kiwe kikubwa kuliko vyote.