Mwanangu Ananikataza Kushika Jembe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mwezi huu haujaisha, maana nimebanwa kati ya mtoto ninayempenda na miguu yangu mwenyewe. Mimi ni mjane, nimeshapita miaka sitini na mitano, naishi kilimani karibu na Ogembo, na mwanangu Ongeri ana kazi nzuri Kisii mjini na moyo wake ni mwema mno, ndiyo shida yenyewe. Alinijengea nyumba ya mabati, akaniletea kiti chenye mito, akaajiri kibarua wa kuchuma maua ya pareto na kuteka maji, akaniambia, "Mama, umelima vya kutosha, sasa kazi yako ni kula na kukaa," nami nikakaa, na sikudanganyi, mwanzoni niliona raha, nikanywa chai kama mke wa chifu huku wenzangu wakipita na majembe.

Lakini kabla mwaka haujaisha mapaja yalinywea, kizingiti cha mlango kikawa mlima, na Sabato moja kanisani wenzangu waliposimama kuimba mimi nilibaki kwenye benchi, nikajaribu tena, wapi, mpaka akina mama wawili wakanishika makwapani wakaning'oa kama muhogo, watu wakacheka na mimi nikacheka nao, ila nilipofika nyumbani mjukuu wangu akanyoosha mikono nimbebe, nikashindwa kumwinua, na hapo nililia.

Rafiki yangu Drusilla, ambaye ni rika langu na bado anapanda kilima na kuni mgongoni, akaniambia, "Nyamusi, wewe huumwi, umekalishwa. Njoo kwangu tulime." Basi nikaanza kwenda shambani kwake, kibarua nikimwambia nakwenda kwenye maombi ili Ongeri asijue, mwanzo nikawa napalilia kidogo na kupumzika sana, kisha nikapanda kilima bila fimbo, nikazoea kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, na mahindi yalipokomaa nilikuwa nambeba mjukuu mpaka kisimani. Juzi Ongeri akaja bila taarifa akanikuta njiani na mkungu wa ndizi kichwani, akasimamisha gari, akasema, "Mama, unataka watu waseme nimekutupa?" Nikamjibu, "Waseme nimepona!" Hakunisikia. Anasema mwisho wa mwezi ananihamishia kwake mjini, nisiguse hata ufagio. Nikimkatalia nitamvunja moyo, nikimkubalia nitarudi kuwa yule wa kwenye benchi. Nifanye nini?

Nyamusi, Ogembo

*

Mama Nyamusi,

Pole sana, halafu ngoja nikugombeze. Kuyafanya maombi kisingizio cha kwenda kulima, wewe mama mzima wa kanisa! Ongeri ana haki ya kuumia kwa kudanganywa. Mwombe radhi, tena leo.

Ukishamwomba, usirudi nyuma hata kidogo. Umri hupunguza misuli ya kila mtu, lakini kukaa bure huipunguza mbio zaidi, na mzee aliyelegea mapaja ndiye anayeanguka akavunjika nyonga. Ulikuwa umeshika njia hiyo, ukageuka kwa jasho lako. Hongera! Mwanao anadhani kupumzika ni dawa, na kubishana naye hakutasaidia. Mwalike chakula, kisha kaeni wote wawili kwenye vigoda, mikono kifuani, muinuke. Halafu mpande kilima pamoja. Nina hakika atakayeomba kupumzika kwanza si wewe.

Lakini na wewe uwe na kiasi. Mkungu mzima kichwani wa nini, ulikuwa unamwonyesha nani? Huo mwachie kibarua, ndiyo kazi yake. Wewe palilia, chuma pareto, beba ndoo ndogo, inuka na kukaa kigodani asubuhi na jioni, na uongeze polepole. Kula maharagwe, mayai na maziwa, usishindie chai na ndizi. Kifua kikibana au kizunguzungu kikikushika, acha hapo hapo uende kwa daktari.

Kuhama, hapana. Mwambie hivyo kwa upole, lakini mwambie.

Na wewe Ongeri, najua mama atakusomea gazeti hili. Una moyo mzuri, kijana, ila mzazi si sahani ya wageni ya kufungiwa kabatini. Jumapili njoo Ogembo na jembe lako. Mama atakuonyesha mstari wa kuanzia, na usione haya akikuacha nyuma.