Mshipa wa Kerubo, Mshipa Wangu

Alhamisi, Julai 1974. Nyansiongo.

Mvua ya mawe inapiga bati tangu saa kumi. Afadhali. Hakuna jirani atakayekuja kunipa pole leo.

Asubuhi nilikwenda hospitali Kisii kuchukua majibu ya picha ya kifua. Daktari ndiye aliyeniita, baada ya pacha wangu Kerubo kuanguka katika shamba la chai mwezi uliopita, kikapu kikiwa bado mgongoni. Mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni, ulikuwa umetanuka, ukapasuka. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kama mimi.

"Mwalimu," daktari akaniambia, "ninyi mlikuwa mapacha wa kufanana. Udhaifu wa mshipa huu watu huweza kuurithi. Wako nao umetanuka."

Nikauliza dawa. Akasema ya kushusha presha ipo. Ya kuurudisha mshipa hakuna, na upasuaji wake haufanyiki hapa. Nisibebe maji wala kuni. Na nisizae, maana mimba huulemea mshipa.

Nikaitikia kwa kichwa.

Nina mimba ya miezi mitatu.

Sikumwambia daktari. Labda niliogopa neno ambalo lingefuata. Tangu nitoke pale natembea polepole kama bibi kizee, nikisikiliza kifua changu.

Utotoni nilipenda watu walivyotuchanganya. Kerubo alichapwa kwa makosa yangu, hata siku moja asinitaje. Leo, njiani, nilitamani nisingefanana naye hata kidogo. Naona haya kuandika hivyo juu ya marehemu, lakini ndivyo nilivyowaza.

Mama, anayekaa nasi tangu mazishi, alikuwa akinisubiri mlangoni. Hakunipa nafasi hata ya kuvua viatu.

"Daktari amesema nini, mwanangu?"

"Amesema niko salama, mama."

Akapiga magoti palepale kizingitini, akamshukuru Mungu kwa kumwachia mmoja. Alilia kwa sauti, machozi ya furaha ambayo sijayaona tangu tumzike Kerubo. Nami nikapiga magoti kando yake, nikaitikia amina.

Sijawahi kumdanganya mama hivi.

Kesho jioni mume wangu atarudi kutoka Kericho. Hajui habari ya mshipa, wala ya mimba, na huu ni mwaka wa nne tunamwomba Mungu mtoto. Huyu siwezi kumficha. Nitamwambia yote mawili.

Ee Mungu, nianze na lipi?