Gari la Baba Haliwaki Asubuhi

Kaka yangu,

Sisi hatujambo, ila paa la jikoni bado linavuja, na mama anasema wewe hulitengeneza kwa simu tu.

Uliniuliza habari za gari la baba, lile kuukuu la njia mbovu. Asubuhi zenye baridi linagoma, mchana linawaka bila matata. Nilibadilisha plagi, nikachaji betri, nikasafisha kabureta mpaka nikanuka petroli wiki nzima. Wapi.

Jana nikakaa kando ya baba akiliwasha. Alizungusha ufunguo tu, tena na tena. Choki, kile kishikio cha kuvutwa ili injini baridi iwake, hakuigusa. Baba huyuhuyu aliyekuwa akitupiga makofi tukisahau kuivuta injini ikiwa baridi.

Nikanyoosha mkono, nikaivuta. Gari likawaka papo hapo. Baba akanigeukia, uso umemchangamka. "Nani kakufundisha hiyo?"

"Mzee mmoja mkali sana," nikamwambia. Akacheka.

Mama sijamwambia. Najua kazi imekubana, lakini panda basi wiki hii, kabla baba hajaniuliza mimi ni nani.

Mdogo wako,
fundi usiyemwamini