Kaburi nililolilipua

Catherine na Edwin,

Mihogo iko kwenye sufuria, mpashe moto tu. Kuku wafungiwe mapema, kicheche amerudi. Mwiko wa kujengea na pimamaji nimechukua mimi, msivitafute.

Asubuhi mama yenu mdogo alipiga simu kutoka Ruponda. Mvua imepasua kaburi la mama yenu, upande mmoja umebomoka. Akaniuliza, "Shemeji, si ulijenga mwenyewe?"

Nilijenga mwenyewe. Nyumba za watu hapa Nachingwea nazijenga kwa utulivu, hakuna anayelalamika. Lile kaburi nililipua kwa saa mbili. Mchanga sikuchekecha, msingi sikuchimba, saruji sikuimwagilia maji. Haukuwa uvivu, wanangu. Nilishindwa kukaa pale, yeye chini, mimi juu, hatuongei.

Sasa naenda kulijenga upya, taratibu, siku nne. ~~Msinifuate, nitarudi mwenyewe.~~ Edwin, siku ile uliomba kunisaidia kuchanganya zege, nikakufukuza. Nisamehe. Njooni Jumamosi, wote wawili. Kazi naiweza, lakini sitaki kuimaliza peke yangu.

Baba