Roboti Inayopiga Hodi

Jumatatu, 2 Machi
Mvua tena. Umeme hakuna tena. Roboti tatu za majaribio ziko mezani, na bado sijachagua moja ya kuwafundishia wasichana wa klabu yangu, wa kidato cha kwanza. Ya kwanza haiendi bila intaneti. Hapa Mlabani? Labda tuhamie juu ya mnara wa simu. Ya pili ni waya tupu, na programu yake unaiandika kwa Kiingereza, herufi kwa herufi. Watakimbia siku ya kwanza. Ya tatu ni kigari: unaburuta vitalu vya rangi kwenye simu, unavipanga, nacho kinatii. Tena kinarekodi sauti. Nimekipenda.

Jumatano, 4 Machi
Somo la kwanza nimelipata: adabu. Kigari kikikuta kizuizi kisimame, kipige hodi mara tatu, kisipokaribishwa kigeuke. Mtoto gani wa hapa hataelewa hilo? Mafua yamenikausha sauti, nikamrekodi Mama kabla hajapanda basi kwenda Kidatu kwa kaka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani hodi yangu itembee bila miguu!"

Ijumaa, 6 Machi
Nimekijaribu uani, mchana. Simu ikaita, nikaingia ndani. Kutoka, kigari hakipo. Nimekikuta matopeni nyuma ya nyumba ya jirani, Mama Deo, kimegeuka vilevile nilivyokipangia. Safi kabisa! Nimeamua, ni hicho hicho. Mama Deo alikuwa mlangoni kwake, Deo mgongoni, anatazama huku na huku. Nikamsalimia. Hakuitikia.

Jumapili, 8 Machi
Deo kashikwa na degedege, amelazwa. Baada ya misa watu wamenikwepa. Mjumbe ndiye aliyenipasulia: Ijumaa Mama Deo alisikia sauti ya mama yangu ikipiga hodi mara tatu, akafungua, hakuona mtu. Na Mama yuko Kidatu, mtaa mzima unajua. Jamani! Nikacheka. Nilikosea sana kucheka.

Jumatatu, 9 Machi
Nimewaonyesha. Kigari chini, majirani wamezunguka. Kikafika kwenye ndoo, kikapiga hodi. Wanawake wakarudi nyuma. Mzee mmoja akasema polepole, "Kumbe humu ndimo mama yake anamoiweka sauti." Nikaeleza vitalu. Nikaeleza betri. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kusogea mbali. Naogopa.

Jumatano, 11 Machi
Hospitali wamesema malaria. Deo anaendelea vizuri. Haijasaidia kitu. Jana na leo mawe yametua juu ya bati letu. Mama amerudi, yote kayasikia stendi kabla hajafika nyumbani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Anasema ataenda kwa mganga akanyolewe, yaishe. Huku kwetu anayetuhumiwa uchawi na anayemtuhumu hunyolewa wote wawili, wakanywa dawa, na baada ya hapo hakuna ruhusa ya kulisema tena jambo hilo. Mama! Msoma masomo wa kanisani! Nimelia kwa hasira. Akaniambia ninyamaze, kesho safari.

Jumamosi, 14 Machi
Mama na Mama Deo wamerudi jana kutoka kwa mganga. Klabu itachukua ile ya waya, haina sauti.

Asubuhi Mama Deo amekuja na ungo. Amempa Mama shikamoo, Mama kaitikia marahaba. Wamekaa barazani wanapepeta mchele, vichwa viwili vinavyong'aa, Deo anatambaa katikati yao. Hawaongei sana. Wameniita nikakae nao, nimekaa. Pale barazani, watu wazima watatu, mwenye nywele ni mimi peke yangu.