Mita Sitini Kutoka Mtoni

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Wiki ya tatu ya fildi. Chuoni nimesoma sera za umma miaka miwili, ukumbini, kwenye kiti. Leo nimezisoma nikiwa na matope hadi magotini.

Ofisi ya kijiji imenipanga na Mtendaji wake, Bwana Hosea. Kazi yetu ni kupima mashamba yote yanayopakana na mto hapa kijijini. Sheria ni mita sitini. Chochote kilichopandwa karibu zaidi ya hapo kitang'olewa kabla ya mvua, ipandwe miti inayotunza maji. Mimi nashika mwanzo wa tepu pale ukingoni, yeye anapanda nayo hadi mstari wa kwanza wa mazao. Anasoma kwa sauti, mimi naandika kwenye fomu. Wanaokuja nyuma wanapigilia vigingi vyenye kichwa chekundu.

Mashamba sita leo. Matano yamekutwa ndani ya mita sitini. Hakuna aliyegombana. Mzee mmoja aliuliza tu kama miti hiyo mipya inaliwa.

Naiamini sheria hii. Kitongoji cha chini niliwakuta kina mama wanachota maji kwa kikombe, wanasubiri yajae, wanachota tena. Nilipokuwa mtoto pale tulikuwa tunaogelea.

Jumatano, 7 Agosti

Baridi kali. Ukungu haukuondoka hadi saa tano.

Shamba la mama mdogo Agness. Si ndugu wa damu, ni jirani — lakini mama alipolazwa, mimi nikiwa darasa la nne, ni yeye aliyenilisha mwezi mzima na kunisuka nywele kila Jumamosi. Mjane, kama mama. Migomba yake inashuka hadi karibu na mto, imesafishwa, hata jani kavu huoni.

Bwana Hosea alisoma: arobaini na tisa. Nikaandika. Vigingi vikapigiliwa katikati ya migomba, mistari minne ikabaki upande wa mto. Mama mdogo alisimama na mikono nyuma. Alinisalimia, "Ugonile, gwe Tupo." Akauliza kama chuoni tunakula vizuri.

Kesho Nane Nane, hakuna kazi. Keshokutwa zamu ya shamba letu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeshinda na mama. Tumepika ndizi na maharage, tumekula. Baadaye aliniuliza vigingi vitafika wapi kwetu. Nikamwambia sijui, hatujapima. Kwa macho nilikuwa najua.

Kaburi la baba liko kule chini, kwenye migomba. Kaburi haliguswi, nilimwambia. Akasema analijua hilo. Anachowaza ni migomba ikiondoka, nani atashuka kule kila siku. "Mtu hatembelei kaburi kila siku, Tupo. Anaenda shambani, akipita analiona."

Kwenye andiko langu la utafiti niliandika kwamba wananchi wanakaidi sheria hii "kutokana na uelewa mdogo". Mwalimu aliipigia mstari sentensi hiyo akaandika: vizuri.

Ijumaa, 9 Agosti

Niandike kama ilivyokuwa, bila kupunguza.

Tulifika kwetu saa nne. Mama hakuwepo, alikwenda sokoni Tukuyu. Nilishika tepu ukingoni. Bwana Hosea akapanda hadi mstari wa kwanza wa migomba. Safari hii hakuisoma namba. Nikaifunga tepu kwenye jiwe, nikapanda mwenyewe kuona. Arobaini na saba.

Akaniangalia. "Andika sitini na moja."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia, "Mtendaji, hapa ni arobaini na saba."

Akasema kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi: mama yako ni mjane, na wewe ni mwenzetu ofisini sasa. Shamba moja halitakausha mto. Andika.

Mama mdogo Agness naye ni mjane. Na yuko mbali na mto kuliko sisi, mita mbili. Nilitaka kusema hivyo.

Nikaandika 61. Mwandiko ni wangu. Wapigilia vigingi wakapita shamba letu bila kusimama.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani mama alitoa shukrani. Alisimama mbele ya watu akasema Mungu ameikumbuka nyumba ya wajane. Mama mdogo Agness, benchi la tatu, akaitikia amina pamoja na wengine.

Sikuimba. Agness aliimba.

Jumatatu, 12 Agosti

Mama mdogo Agness amekuja. Mama alikuwa shambani, nilikuwa peke yangu jikoni namenya viazi. Alikaa kwenye kigoda, akachukua kisu cha pili akaanza kumenya nami. Tulimenya muda mrefu.

Kisha akauliza, bila ukali wowote, tepu ya kwetu ilianzia wapi. Maana yeye, akisimama kwenye kigingi chake, anaiona migomba yetu iko chini yake, kuelekea mto.

Nikasema, "Mto unakunja pale, mama mdogo."

Mto haukunji pale. Yeye amechota maji pale miaka thelathini.

Akamaliza kiazi alichoshika. Akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma." Akasema ndaga fijo, asante sana, kwa maji niliyompa, akaondoka. Hakuyanywa.

Jumanne, 13 Agosti

Sikwenda ofisini. Nimesema naumwa.

Mwaka wa kwanza mwalimu alituambia sera haiishi kwenye karatasi, inaishi mkononi mwa mtu wa mwisho anayeitekeleza. Tukaandika wote. Ilitoka kwenye mtihani, nikaipata. Nilidhani huyo mtu wa mwisho ni karani fulani mzembe, mbali huko. Nilikuwa nimeshamwandalia mapendekezo: apewe semina.

Nimeifuta ile sentensi ya uelewa mdogo. Mahali pake sijaweka kitu.

Jumatano, 14 Agosti

Nimemwambia mama.

Alikuwa anapepeta maharage. Nilisema yote: arobaini na saba, sitini na moja, maneno ya Bwana Hosea, uongo niliomwambia mama mdogo. Hakunikatiza. Akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo nilisimama kanisani nikasema uongo."

"Hukujua, mama."

"Agness alijua?"

Nikamwambia nadhani ndiyo.

Hapo ndipo hasira ilipomjia, na haikwenda kwa Hosea, ilikuja kwangu. Nilikusomesha ili uje uing'oe migomba ya baba yako? Nikamjibu kwamba sijaing'oa, ndiyo shida yenyewe. Akasema basi nyamaza! Mto wote huu, watu wote hawa, wewe umeona mita zetu tu? Wangapi wameandikiwa uongo na wamelala usingizi? Nikasema sijui. Pengine hakuna. Pengine wengi.

Akasema anaogopa. Hajawahi kuniambia neno hilo, hata baba alipokufa. Anaogopa mahali pale pageuke pori, baba alale porini kama mtu asiye na watu.

Kisha akauchukua ungo akaendelea kupepeta. Nilikaa naye hadi maharage yakaisha. Hakuniambia nifanye nini. Nilitamani aniambie.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimekwenda ofisini. Nilimwomba Bwana Hosea turudie kupima shamba letu. Alifunga mlango kwanza. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonisumbua — alionekana amechoka. Akasema fomu imeshapigwa muhuri. Akasema, Tupokigwe, wewe mwezi ujao unarudi chuo, mimi nabaki na watu hawa. Nikifungua moja, zitafunguliwa zote. Una hakika mto utapona kwa hilo? Au zoezi lote litakufa, halafu wale wa chini waendelee na vikombe vyao?

Sina hakika. Nimelifikiria swali lake njia nzima ya kurudi na bado sina hakika.

Halafu akasema kesho kwenye mkutano wa kijiji nitayasoma mimi matokeo, kwa kuwa nina sauti nzuri na watu wananipenda. Akanipa orodha. Majina thelathini na nne. Mama mdogo ni wa kumi, mama ni wa kumi na moja.

Nikashuka hadi mtaa wa Bagamoyo, hapo Tukuyu, kwenye stesheneri ya Hafidhi, nikachapa orodha ya pili. Ni ileile, namba moja tu tofauti. Hafidhi aliuliza mbona nachapa kitu ambacho tayari ninacho. Nikamwambia nimekosea mahali. Akasema hiyo ndiyo kazi inayomlisha, watu kukosea mahali.

Nimempita mama akiwa amekaa mlangoni na panga mapajani, analinoa. Alisema nile, chakula kiko chunguni.

Ijumaa, 16 Agosti

Saa tatu na nusu. Uwanja wa ofisi ya kijiji. Naandika huku nimekaa kwenye benchi la mbele, watu wadhani napitia hotuba.

Wamekuja wengi, zaidi ya mia. Wa kitongoji cha chini wamekaa upande wao, kina mama pekee, ndoo wameziweka miguuni kwa sababu wakitoka hapa wanapitiliza kuchota. Mwenyekiti anafungua kwa sala, sala ndefu. Bwana Hosea ameinamisha kichwa, mikono imeshikana. Nadhani anasali kweli.

Orodha zote mbili ziko ndani ya daftari hili.

Asubuhi nilipoamka mama hakuwepo. Kitanda kimetandikwa, moto haujawashwa. Nilimsubiri hadi saa mbili, nikaja peke yangu. Mama mdogo Agness pia sikumwona.

Wameingia sasa hivi, pamoja, sala ikiwa bado haijaisha. Mama ana panga mkononi. Mama yangu, ambaye haendi mkutanoni bila kuoga na kufunga kitambaa kipya, gauni lake limechafuka utomvu wa migomba kuanzia kifuani hadi pindoni. Mbichi, bado unang'aa. Mama mdogo naye hivyohivyo, mikono yote. Watu wamewapisha. Wamekaa chini, bega kwa bega, nyuma kabisa.

Kwa hiyo wamekata. Wawili, tangu alfajiri. Sijui wamekata ya nani. Ya mama mdogo ilikuwa lazima ikatwe, na mama angeweza kwenda kumsaidia tu, kama jirani. Au wameanzia kwetu.

Namtazama, hanitazami. Anafuta panga kwa jani, taratibu, upande mmoja kisha upande wa pili.

Amina. Bwana Hosea amesimama. Anasema binti yetu Tupokigwe, msomi wetu, atatusomea. Watu wanapiga makofi. Mama mdogo anapiga makofi. Mama ameweka panga chini na ameinua uso, ananiangalia moja kwa moja, na mimi nasimama na orodha ya pili, ile ya arobaini na saba.